Unafuu na Deni: Kugeuza Magari ya Petroli Kuwa ya Umeme kama Swali la Maadili Mjini Kamina

Kitu kinapoitwa nafuu, anayekiita hivyo kwa kawaida ni yule anayekinunua. Ni nadra kuulizwa yule aliyekichimba, aliyekisafirisha, au atakayeishi na mabaki yake baada ya kuchakaa. Suala la kuchukua magari yaliyokwisha kutumika, yanayochoma petroli, na kuyageuza yaendeshwe kwa umeme kwa gharama inayoweza kumudiwa na mtu wa kipato cha kawaida, limejadiliwa zaidi na mafundi na wafanyabiashara, nao wamelitazama kwa jicho la bei na vipuri. Hapa linachukuliwa kama swali la falsafa na la dini: ni lini unafuu ni wa haki, na mwanadamu anawajibika kwa nani anapoamua kukitupa au kukitengeneza upya kitu kilichokwisha kuundwa? Mji wa Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu mkoa wa Katanga ulipogawanywa mwaka 2015, ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo, kwa sababu uko jirani na madini ambayo dunia huyatumia kutengenezea betri, uko mbali na bandari zinazoingiza mafuta, na ulifikiwa na treni za umeme zamani kabla gari la umeme halijawa habari ya magazeti.

Kamina ni njia panda ya reli: njia moja huelekea kusini hadi Lubumbashi, nyingine hupitia Kananga hadi bandari ya mto ya Ilebo, na ya tatu hupitia Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1952, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kampuni ya reli ya BCK ilianza kutandaza nyaya za umeme juu ya reli za Katanga upande wa Likasi na Tenke, kwa nguvu iliyozalishwa na mabwawa ya mkoa huohuo, na mfumo huo wa volti 25,000 ulisogezwa hatua kwa hatua hadi Kamina. Kwa hiyo usafiri wa umeme si jambo geni katika mji huu, ijapokuwa urithi wenyewe umechakaa na injini za mazuti zimerudi kufanya sehemu kubwa ya kazi. Lakini umeme ule ulitandazwa kwa ajili ya shaba, na wakazi waliotazama treni ikipita juu ya reli zao hawakuwa wametiwa katika hesabu. Historia hiyo inaonyesha tangu mwanzo kwamba nguvu inaweza kuwa safi na bado ikagawanywa bila haki.

Kabla ya kupima haki ya jambo, yafaa kulieleza lilivyo. Kugeuza gari ni kuondoa injini, tangi la mafuta, ekzosi na rejeta, kisha kufunga mota ya umeme mahali pa injini, mara nyingi kwa kuiunganisha na giaboksi ileile ya zamani kwa bamba la chuma lililochongwa kwa vipimo vya pande zote mbili. Betri huwekwa palipokuwa na tangi, chini ya viti au nyuma, na kati yake na mota hukaa kidhibiti, yaani kifaa kinachopokea amri ya kanyagio na kupima ni umeme kiasi gani upite. Huongezwa chaja, na kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa hadi volti 12 ili taa, honi na waipa zifanye kazi kama kawaida. Na kwa kuwa breki za magari mengi husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini, fundi anayeondoa injini bila kufunga pampu ndogo ya kuvuta hewa atakabidhi gari ambalo dereva wake hulazimika kukanyaga breki kwa nguvu nyingi kuliko alivyozoea. Kazi hii inafahamika katika Afrika ya Mashariki: kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilianza kwa kugeuza magari ya kubebea watalii mbugani, na mjini Kigali kuna mafundi wanaogeuza pikipiki za petroli. Ufaransa ilitunga kanuni za kuruhusu ugeuzaji wa aina hii mwaka 2020.

Swali la kwanza la kifalsafa ni la utambulisho: gari lililotolewa injini na kutiwa mota ni gari lilelile au ni jingine? Plutarko, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya kwanza, alisimulia kuhusu meli ya shujaa Theseus ambayo watu wa Athene waliihifadhi kwa kubadilisha ubao mmoja baada ya mwingine, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliikaza hoja kwa kuuliza ingekuwaje kama mbao zilizotolewa zingekusanywa na kuundwa meli ya pili. Katika gereji za Katanga jambo hilo si la kufikirika, kwa maana injini iliyotolewa katika gari moja haitupwi. Huuzwa, hufungwa katika gari jingine, nayo huendelea kuchoma petroli, ambayo Kiswahili cha huko huiita esanse. Mwenye gari lililogeuzwa anaweza kujiona ameacha moshi, kumbe moshi umehamia mtaa wa pili. Sheria hulikata shauri kwa kuangalia namba iliyogongwa kwenye chasisi, na kwa mahitaji ya polisi na forodha jibu hilo linatosha. Kwa mahitaji ya maadili halitoshi, kwa sababu namba ya chasisi haielezi ni nani aliyenufaika na ni nani aliyebebeshwa mzigo.

Jibu lenye upana zaidi linaweza kutafutwa katika mjadala uliozaliwa Katanga kwenyewe. Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi miongoni mwa Waluba, ambao Kamina ni mmoja wa miji yao, alichapisha kwa Kifaransa huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, kitabu kilichodai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na kwamba nguvu ya kila kilichopo huongezeka au hupungua kulingana na uhusiano wake na vingine, mtu akiwa katikati ya mtandao huo. Mwaka 1956 Alexis Kagame wa Rwanda alilichunguza suala hilo kwa makini zaidi, kwa kuanzia katika muundo wa lugha. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin na Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni walimkosoa Tempels vikali, wakisema kwamba aliwavisha watu wengi falsafa moja ambayo hakuna aliyeulizwa kama anaikubali, na kwamba falsafa ni kazi ya watu wanaobishana kwa majina yao. Ukosoaji huo una nguvu, na hakuna haja ya kudai kwamba kila Mluba huliona gari kama Tempels alivyoandika. Hata hivyo wazo lenyewe, likichukuliwa kama pendekezo linaloweza kupingwa, linasaidia: kitu kinatambulishwa na mahali pake kati ya watu kuliko na vipande vyake. Gari linalobeba wagonjwa kutoka vijijini hadi hospitali ya mji linabaki gari la kubeba wagonjwa hata likibadilishwa moyo, na likishindwa kutembea kwa kukosa petroli limepungukiwa na kile kilicholifanya liwe hilo, hata kama hakuna skrubu iliyotoka.

Kutokana na hapo msingi wa wajibu wa kutengeneza unaonekana. Chuma chenyewe hakimdai mtu chochote. Wanaodai ni wale ambao kazi yao imo ndani ya chuma hicho na wale ambao maisha yao yanakitegemea: mchimbaji, mfuaji, mwenye gari anayelipa karo ya watoto kwa safari zake, na abiria. Kulitupa gari ambalo bodi, chasisi, magurudumu na giaboksi yake ni nzima, kwa sababu injini tu imekwisha, ni kuitupa kazi ya watu hao. Waislamu wanalo katazo la israfu, yaani kutumia kupita kiasi na kuharibu kilicho na manufaa, na Papa Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa dunia aliulaumu utamaduni wa kutupa, akiuhusisha na tabia ya kuwaona hata binadamu kama mabaki. Mafundisho haya yanakubaliana kwamba kuunda upya ni jema. Bado hayajasema ni kwa gharama ya nani.

Hesabu inasaidia kuliweka swali hilo wazi. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9, kilowati-saa moja ikiwa ni kiasi kinachotumiwa na pasi ya wati 1,000 kwa saa nzima. Lakini injini hupoteza sehemu kubwa yake kama joto, na robo tu, au zaidi kidogo, ndiyo inayoyafikia magurudumu. Mfumo wa umeme hupoteza kidogo mno, hivyo kazi iliyofanywa na lita moja inaweza kufanywa na kilowati-saa zipatazo 3 kutoka kwenye soketi. Gari linalomeza lita 10 kwa kilomita 100 litahitaji kilowati-saa 25 hadi 30 kwa umbali huo. Mwaka 2024 wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa kama dola 115 za Marekani kwa kila kilowati-saa, na kwa bei hiyo betri ya kilomita 100 tu hugharimu karibu dola 3,000 kabla ya usafiri, ushuru, mota na ufundi, na katika miji mingi ya Afrika fedha hizo zinakaribia au kupita thamani ya gari kuukuu lenyewe. Kwa pikipiki mambo ni tofauti, kwani betri ya kilowati-saa 3 inatosha safari nyingi za siku, na paneli mbili za jua za wati 400 au 500, kila moja ikiwa na ukubwa wa mita mbili za mraba hivi, zinaweza kuijaza kwa siku moja ya jua zuri. Unafuu wa kweli, kwa hiyo, huanzia kwenye magurudumu mawili, kwenye safari fupi na kwenye magari yanayotumiwa na wengi. Gari la familia moja linafuata nyuma kabisa.

Fundi anayebanwa na bei hushawishika kutumia betri za risasi, zile za kawaida za magari na za sola, kwa kuwa zinapatikana sokoni na hazihitaji saketi za kuzilinda. Ni nzito, hazidumu zikitumiwa hadi kuisha kila siku, na zinapokufa huacha sumu. Afrika ya Mashariki ina ushahidi wa jambo hilo katika Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa na kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Katika kila betri rahisi iliyopitia kiwanda kile palikuwa na malipo ambayo hayakuandikwa kwenye risiti, na aliyeyalipa ni mtoto wa Owino Uhuru.

Betri za lithiamu nazo zina mlipaji wao. Nyingi hutumia kobalti, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga, majimbo yanayopakana na Haut-Lomami. Huko Kolwezi wachimbaji wadogo hushuka katika mashimo yasiyo na nguzo, ilhali sehemu kubwa ya thamani hupatikana katika viwanda vya mbali. Zipo betri za fosfeti ya chuma zisizo na kobalti hata chembe, nazo ni bora kwa ugeuzaji wa bei ndogo kwa kuwa hudumu na haziwaki moto kwa urahisi. Hata hivyo mtu wa Katanga anaweza kuuliza kama dhamiri inayotulizwa kwa kuiacha kobalti inamtendea haki mchimbaji, au inamwacha na shimo lake bila soko wala fidia. Kumkimbia mtu aliyedhulumiwa hakulipi deni lake.

Magari yenyewe yalifika kwa njia inayofanana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, na zaidi ya nusu yaliingia Afrika, mengi yakiwa chini ya viwango vya moshi vya nchi yalikotoka. Nchi ya kwanza hulifaidi gari likiwa jipya na kuuza uzee wake, kisha nchi ya pili inalaumiwa kwa moshi. Hapo pingamizi zito linazuka: kwa nini mji kama Kamina, ambao mchango wake katika ongezeko la joto duniani hauonekani hata kwa darubini, ubebeshwe kazi ya kugeuza mabaki ya wengine, wakati matajiri wananunua mapya? Je, sifa za kutengeneza upya si njia ya kuwafundisha maskini kuridhika na makombo?

Theolojia ya ujenzi mpya inaweza kulijibu pingamizi hilo, ikisomwa hadi mwisho. Jina hilo lilipewa fikra za wanatheolojia waliodai, baada ya kwisha kwa Vita Baridi, kwamba Afrika iliyokuwa imejisoma katika habari za Waisraeli kutoka Misri sasa ijisome pia katika habari za Nehemia, aliyerudi Yerusalemu kuujenga ukuta uliobomoka. Jesse Mugambi wa Kenya aliitetea hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1995, na Kä Mana, mwanafalsafa na mwanatheolojia Mkongo aliyefariki mwaka 2021, aliiendeleza kwa upande wa nchi zinazotumia Kifaransa. Nehemia alichekwa na maadui waliouliza kama mawe yaliyoungua yanaweza kufufuliwa kutoka kwenye lundo la kifusi, na wanaopenda ugeuzaji wa magari hukimbilia hapo kwa kuwa picha inawafaa. Sura inayofuata husomwa mara chache zaidi. Kazi ikiwa inaendelea, maskini walimlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba yao, na hata watoto wao, kwa ndugu zao matajiri ili wapate nafaka na fedha za kodi. Naye hakuwaambia wavumilie mpaka ukuta uishe. Aliwaita wakopeshaji, akawakemea mbele ya kusanyiko, akawataka warudishe mashamba na riba, na ndipo kazi ikaendelea. Kwa mafundisho hayo, ujenzi unaoacha deni likilala juu ya aliye dhaifu haujahesabiwa kuwa ujenzi.

Kipimo hicho, cha kutafuta mwenye kubebeshwa deni, kinafaa kutumiwa Kamina kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni chanzo cha umeme. Karibu umeme wote wa gridi ya Kongo hutoka kwenye maji, lakini ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano nchini anayeupata, na laini kuu ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilijengwa ili kulisha migodi, ikipita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi hadi leo. Pikipiki ikichajiwa kwa umeme uliopunguzwa kutoka wodi ya wazazi, safari yake imelipiwa na mama anayejifungua gizani. Ikichajiwa kwa paneli zake yenyewe, haimdai mtu. Cha pili ni riziki ya wanaoishi kwa mafuta, yaani mafundi wa injini na wauzaji wa rejareja wa petroli wanaosimama barabarani na madumu, ambao miji mingi ya Kongo huwaita kwa mzaha Kadhafi. Mageuzi yanayowaacha bila kazi huhamishia gharama kwao, ilhali fundi aliyezoea kusikiliza vali na gia ndiye aliye karibu zaidi kujifunza kuchonga bamba la kuunganisha mota. Cha tatu ni mwisho wa betri: anayeifunga leo ataipokea itakapokufa, au itaishia shimoni nyuma ya gereji, karibu na kisima?

Kwa mtazamo huo, lile pingamizi la makombo linapata jibu la sehemu mbili. Kwanza, Kamina ina sababu zake yenyewe za kutaka umeme, zisizotegemea lawama ya mtu yeyote kuhusu hali ya hewa: petroli inayokuja kutoka ng'ambo ya bahari, kisha ikapitishwa katika barabara na reli mbovu, huongezeka bei kila inapopokelewa na mkono mpya, na mji ulio mwisho wa msururu hulipia mikono yote, hata muuza mahindi anayesukuma mzigo wake kwa baiskeli huilipia katika bei ya chumvi na sabuni. Pili, kutengeneza upya hakufuti madai ya haki dhidi ya waliouza uzee wa magari yao na kununua madini kwa bei ya shimoni. Betri ya gari la umeme huonekana imechoka huko Ulaya inapobakiwa na asilimia 70 au 80 ya uwezo wake, ingawa kiasi hicho kingeendesha pikipiki au kuwasha zahanati kwa miaka. Betri hizo zikiletwa Katanga kama biashara ya kawaida, zitarudia historia ya magari yaliyotumika. Zikiletwa kwa mkataba unaomlazimisha aliyeziunda kuzirudisha na kuziyeyusha kwa gharama yake zitakapokufa, zitakuwa malipo ya sehemu ya deni.

Unafuu, basi, ni sifa ya mapatano kati ya watu zaidi ya kuwa sifa ya kitu, na mapatano hayo ni ya haki pale tu kila anayelipa anapojulikana na amekubali kulipa. Pikipiki iliyogeuzwa, yenye betri isiyo na kobalti, paneli zake na fundi wake aliyefunzwa, inaweza kuonekana ghali siku ya kununuliwa na bado ikawa nafuu kwa maana hiyo, huku gari lililofungwa betri za risasi zisizo na pa kurudi likawa ghali hata kama lilitolewa bure. Kazi ya wanatheolojia na wanafalsafa wa Katanga katika jambo hili haiishii kulibariki gari jipya linapotoka gereji. Wanao wajibu wa kudai, kabla halijatoka, orodha kamili ya waliolilipia.